Corolla DX Inapozima Ukiachia Eksileta: Kutafuta Chanzo Kabla ya Kugusa Skrubu za Kabureta

Injini ya 4K iliyofungwa kwenye Corolla KE70, gari ambalo wengi tunalijua kwa jina la DX, inapaswa kuunguruma kwa utulivu kwenye mizunguko ipatayo 750 kwa dakika ikishapata moto. Ikianza kutetemeka, kupanda na kushuka, au kuzima kila mguu unapotoka kwenye eksileta, mafundi wengi hukimbilia bisibisi na kuzungusha skrubu za kabureta. Naomba hatua hiyo uiweke mwisho kabisa, kwa sababu skrubu iliyoondolewa mahali pake huzaa tatizo la pili juu ya lile la kwanza, na kuanzia hapo hutaweza kuyatenganisha.

Sailensi, yaani mwunguruko wa injini mguu ukiwa nje ya eksileta, ina njia yake ya mafuta. Kipepeo cha kabureta, yaani kile kibati cha duara kinachofunguliwa na waya wa eksileta, kikiwa kimefunga, petroli haipiti kwenye jeti kubwa (jeti ni kitundu kinachopima mafuta), bali huvutwa kutoka kwenye bakuli la kabureta kupitia jeti ndogo, huchanganyika na hewa kidogo, kisha hutokea kwenye tundu lililo chini ya kipepeo, ambalo upana wake hupimwa na ncha ya skrubu ya mchanganyiko. Ndiyo maana gari linaweza kutoka Chalinze likikimbia kilomita 80 kwa saa bila kasoro yoyote, kisha likazima kwenye kipilefti cha Msamvu, Morogoro.

Anza kwa kuangalia tatizo linatokea lini. Likiwepo asubuhi tu na kuisha injini ikipata moto, kagua choki na waya wake. Likianza baada ya injini kupata moto, na moshi ni mweusi, tazama kama choki imegoma kufunguka yote. Likiwepo wakati wote, endelea na hewa.

Injini inayovuta hewa mahali pasipostahili ndiyo chanzo ninachokishuku kwanza kwenye gari la umri huu, kwa kuwa mipira hukauka na gasketi hukakamaa. Injini ikiwa inaunguruma, bana kwa koleo mpira unaokwenda kwenye servo ya breki, kile chombo kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kusaidia mguu wako kwenye breki. Sauti ikitulia mara moja, hewa inapenya kwenye servo yenyewe au kwenye mpira baada ya pale ulipobana. Fanya hivyo hivyo kwa mipira midogo ya vikyumu, yaani ya mvuto wa hewa wa injini, ukiwemo ule wa distributa. Baada ya hapo chukua chupa ya kupulizia maji na unyunyize kidogo kidogo kuzunguka kitako cha kabureta, kwenye kile kipande kizito cheusi kinachozuia joto, na pale manifodi inapokutana na silinda hedi, ukiepuka distributa na waya za plagi. Mlio ukibadilika, hapo ndipo penye ufa. Wengine hutumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii, na kweli hutoa jibu haraka zaidi, lakini ekzosi ya moto iko upande ule ule wa injini, nami sioni sababu ya kucheza na moto wakati maji yapo.

Umeme haupaswi kurukwa. Chomoa waya wa plagi moja, uugusishe kwenye bodi ili umeme upate njia, usikilize, kisha uurudishe na kwenda kwa nyingine. Silinda ambayo mlio haushuki ukichomoa waya wake ndiyo yenye misi, yaani haichomi mafuta yake. Nafasi ya plagi ni milimita 0.8, na kwa distributa zenye pointi (vibati vinavyokata na kuunga umeme), nafasi ya pointi ni milimita 0.45. Pointi zilizoungua hubadilisha taiming, yaani wakati wa cheche kuruka, na taiming iliyochelewa huangusha sailensi. Valvu nazo zipimwe injini ikiwa ya moto: milimita 0.20 za kuingizia na milimita 0.30 za ekzosi. Silinda mbili zilizo jirani zikigoma kwa pamoja, pima kompresheni, maana huenda gasketi ya hedi imeungua katikati yake, na hapo kabureta haihusiki.

Sasa njoo kwenye kabureta. Washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wa solenoidi, kile kivalvu cha umeme kwenye kabureta kinachofungua njia ya mafuta ya sailensi, kisha uuguse tena: lazima usikie mlio mdogo wa "tik". Usipousikia, pima kwanza kama umeme wa volti 12 unafika. Injini ikiwa inaunguruma, kuchomoa waya huo kunapaswa kuizima. Isipozima, ama kuna mtu aliyewahi kuikata ncha ya solenoidi ili kukwepa kununua mpya, ama kipepeo kimefunguliwa mno kwa skrubu ya mwendo na injini haitumii tena njia ya sailensi. Tazama pia kidirisha cha kioo kwenye bakuli: mafuta yawe katikati. Yakiwa juu ya hapo, sindano ya boya haifungi vizuri.

Ukifika hapa bila kupata kosa, ndipo ushike bisibisi. Funga skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka iguse, bila kuikaza kwa sababu ncha yake huharibika, halafu ifungue mizunguko miwili hadi miwili na nusu. Pasha injini moto, kisha uizungushe polepole kutafuta mahali ambapo mlio uko juu zaidi, na urudishe mwendo kuwa 750 kwa skrubu nyingine. Rudia mpaka zote mbili zikubaliane. Kama kuifunga skrubu ya mchanganyiko hakubadilishi chochote, jeti ndogo imeziba: ifungue na uipulize kwa upepo wa kompresa, wala usiingize waya ndani yake.

Gari lililosetiwa Dar es Salaam likipandishwa Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, hewa huwa nyepesi na mchanganyiko hugeuka kuwa na petroli nyingi mno. Mwenye gari atakayehamia huko aanze kwa kuifunga skrubu ya mchanganyiko robo mzunguko, kisha apandishe skrubu ya mwendo kidogo, na asiguse jeti kubwa mpaka aone plagi zinaendelea kuwa nyeusi hata baada ya safari ndefu.