Somo: Kuandika maelezo ya maulizo ya mfano kwa watumiaji wa data huria

Naulizwa mara kwa mara kwa nini ulizo (ombi la kutafuta data) fulani la Wikidata, hifadhidata huria inayohaririwa na watumiaji wenyewe, "limeharibika", na mara nyingi ulizo lenyewe ni zima, ila aliyeliandika hakueleza linafanya nini. Naweka utaratibu hapa ili nisiurudie tena.

1. Anza na swali kwa sentensi ya kawaida: "Nchi ni zipi, na kila moja ina watu wangapi?"

2. Taja hifadhidata, lugha ya ulizo (hapa ni SPARQL) na tarehe ulipolijaribu.

3. Fafanua kila kitambulisho: P31 huonyesha aina ya kitu, Q6256 ni nchi, P1082 ni idadi ya watu.

4. Eleza ulizo linaacha nini nje. Ukiandika `?nchi wdt:P1082 ?watu`, nchi isiyo na takwimu hiyo hutoweka bila onyo lolote, na msomaji hudhani haimo kabisa. Ukitaka ibaki na nafasi tupu, weka sharti hilo ndani ya OPTIONAL, yaani sharti lisilo la lazima. Tahadhari nyingine: kiambishi wdt: huleta kauli (taarifa zilizoandikwa kuhusu kitu) za daraja la juu zaidi lililopo pekee, ilhali p:P1082/ps:P1082 huleta zote, zikiwemo za miaka ya nyuma, hivyo nchi moja hujirudia na anayejumlisha matokeo hupata watu wasiokuwepo. Njia zote mbili ni halali. Andika umechagua ipi na kwa sababu gani.

5. Lijaribu upya kabla ya kulichapisha.

Maswali

Mwanachama: Nimenakili, halifanyi kazi.

Jibu: Ulizo lipi, na ujumbe wa kosa unasemaje?

Mwanachama: Lile la nchi. Tarehe ya nini, kwani data si ni ileile?

Jibu: Si ileile. Wikidata huhaririwa kila siku. Ujumbe wa kosa bado sijauona.

Mwanachama: Ulizo langu lina P31/P279* na hukatwa kabla ya kumaliza. Je, linafaa kuwa mfano?

Jibu: Linafaa sana, ndugu, mradi useme hivyo. P279 huonyesha kuwa aina moja ni tabaka dogo la nyingine, na nyota hiyo hufuata tabaka ndogo ngazi baada ya ngazi, na huduma ya umma ya Wikidata hukatisha ulizo likifika sekunde 60. Weka toleo jepesi lisilo na P279*, kisha eleza matokeo gani yanapotea.

Mwanachama: Maelezo yakae wapi?

Jibu: Ndani ya ulizo lenyewe, kwenye mistari inayoanza na #, ili anayelinakili aondoke nayo. Picha ya skrini hainakiliki.