Kufunga na Kujaribu Kompyuta Huru ya Injini kwenye Gari la Turbo: 1JZ-GTE kutoka Nairobi hadi Pwani

Injini ya Toyota 1JZ-GTE yenye VVT-i (mfumo unaobadilisha wakati wa vali kufunguka), ile ya silinda 6 na lita 2.5 iliyomo ndani ya Chaser na Mark II zilizotengenezwa kuanzia 1996, hutoka kiwandani na kompyuta iliyopangwa kwa turbo yake ya awali, na kwa kazi hiyo haina upungufu wowote. Haja ya kompyuta huru, yaani ile inayosimamia petroli na cheche zote bila kutegemea ya kiwandani, huja pale mwenye gari anapofunga turbo kubwa au nozeli (vinyunyizio vya petroli) kubwa, kwa kuwa kompyuta ya awali hukata petroli shinikizo la turbo linapozidi kiwango ilichowekewa. Ikiwa hujabadilisha chochote kati ya hivyo, baki na ya kiwandani. Ikiwa gari lina giaboksi ya otomatiki, fikiria pia kwamba kompyuta unayotaka kuitoa huenda ndiyo inayoamrisha gia, na kompyuta nyingi huru haziwezi kazi hiyo.

Mfano unaotumika hapa ni MegaSquirt, mfumo uliobuniwa Marekani na Bruce Bowling na Al Grippo, ukiwa na programu ya TunerStudio kwenye laptopu, lakini mpangilio wa kazi haubadiliki hata ukitumia kompyuta za Link au Haltech. Kanuni inayotawala ni kwamba hakuna sehemu inayowashwa kabla ile iliyoitangulia haijathibitishwa kwa kipimo. Fundi anayefunga nyaya zote, akajaza namba zote, kisha akapiga stata akitumaini, hawezi kujua kosa liko wapi injini inapokataa, na injini ikikubali hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kosa huondoka naye hadi siku ya mzigo mkubwa.

Nyaya na ethi

Kompyuta ipate umeme kupitia rilei yake yenyewe na fyuzi yake, nazo nozeli, koili za cheche na pampu ya petroli zipewe fyuzi zao kila moja. Ethi ndizo chanzo cha maradhi mengi yasiyoeleweka. Nyaya za ethi za kompyuta zote zifungwe mahali pamoja kwenye bloku ya injini, juu ya chuma kilichosuguliwa kikawa safi, ilhali ethi za sensa zisiguse bodi wala bloku bali zirudi kwenye kompyuta yenyewe. Sababu ni kwamba koili na nozeli hupitisha mkondo mkubwa, na mkondo huo ukipita kwenye waya uleule wa sensa, volti za sensa hupanda na kushuka bila joto wala shinikizo kubadilika. Waya wa sensa ya krenki uwe na kinga ya chuma iliyounganishwa na ethi upande mmoja tu, na upitishwe mbali na koili.

Kabla ya kuwasha, tenganisha plagi za umeme za nozeli zote na koili zote, kisha washa swichi na usome sensa kwenye laptopu. Fanya hivyo asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha: joto la maji na joto la hewa yapaswa kulingana, yakipishana kwa nyuzi chache tu. Yakipishana sana, umechagua aina isiyo sahihi ya sensa au ethi yake ina hitilafu. Sensa ya kanyagio la hewa isome 0 ukiwa umeachia na 100 ukiwa umekanyaga hadi mwisho.

Sensa ya shinikizo la hewa ndiyo inayohitaji kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu hupima shinikizo halisi kuanzia sifuri, wala si tofauti na hewa ya nje. Injini ikiwa imezimwa, sensa hiyo hupima hewa ya mahali ulipo. Mombasa au Dar es Salaam inapaswa kusoma takriban kilopaskali 101, na Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa karibu mita 1,700, isome takriban 83. Gari lililosimama Nairobi likionyesha 101 lina mpangilio wa sensa usio sahihi, na kila namba ya petroli utakayoweka baada ya hapo itakuwa imejengwa juu ya uongo. Sensa ya MPX4250, inayotumika sana kwenye MegaSquirt, hufika kilopaskali 250. Inatosha kwa turbo inayosukuma hadi bar 1 (kilopaskali 100) juu ya hewa ya nje na zaidi kidogo, lakini haitoshi kwa mwenye ndoto za bar 2.

Meno ya krenki na cheche

Injini hii ina gurudumu la krenki lenye nafasi 36 ambapo meno 2 yamekosekana, na pengo hilo ndilo linaloiambia kompyuta krenki iko wapi. Sensa yake ni ya sumaku, na nyaya zake mbili zikibadilishana nafasi, injini huenda ikawaka lakini taimingi (wakati wa cheche) ikateleza kadiri mzunguko unavyopanda. Nozeli na koili zikiwa bado zimetengwa, piga stata kwa sekunde chache na uangalie mchoro wa meno ndani ya programu. Unapaswa kuona pengo moja katika kila mzunguko, kasi ya takriban mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika isiyorukaruka, na kihesabu cha kupoteza mpangilio kikibaki sifuri. Kikiongezeka hata mara moja, usiendelee.

Koili ni 3, kila moja ikihudumia silinda 2, jozi zikiwa 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Hapa pana mtego ambao umeunguza koili nyingi. Ignaita ya Toyota, kifaa kinachoendesha koili kwa ishara ya kompyuta, huchaji koili ishara inapokuwa juu, na hutoa cheche ishara inapoanguka. Ukiweka mpangilio wa kinyume, koili hubaki ikichajiwa muda wote, hupata joto na kufa. Kwa hiyo pima ishara kwa mita au taa ndogo ya majaribio kabla ya kuunganisha: swichi ikiwa imewashwa na injini imesimama, kila mstari uwe chini. Muda wa kuchaji uanze kwenye milisekunde 2.5 au 3, na usiuongeze bila sababu inayopimika.

Sasa unganisha koili peke yake, zuia taimingi ndani ya programu ibaki kwenye nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele, kisha piga stata huku ukimulika puli ya krenki kwa taa ya taimingi. Alama ikionyesha kitu kingine, rekebisha pembe ya gurudumu kwenye programu hadi taa na laptopu zikubaliane. Tumia taa ya kawaida isiyo na kirekebisho cha nyuzi, kwa sababu koili inayohudumia silinda 2 hutoa cheche mara mbili katika mzunguko mzima wa kazi, na taa zenye kirekebisho mara nyingi hudanganyika. Baada ya injini kuwaka utarudia kipimo hiki kwenye mizunguko 3,000 au 4,000, taimingi ikiwa bado imezuiwa. Alama ikisogea, geuza nyaya za sensa au rekebisha ucheleweshaji wake. Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo inayoamua pistoni zitaishi au la, kwa kuwa laptopu inayoandika nyuzi 12 wakati injini inapata 20 haitoi onyo lolote.

Petroli na kuwasha kwa mara ya kwanza

Shinikizo la petroli lithibitishwe kwa geji, mrija wa mvuto ukiwa umechomolewa kwenye regyuleta. Bar 3 ni kiwango cha kawaida. Ukirudisha mrija, shinikizo lifuate la ndani ya manifoldi, likipanda bar 1 kwa kila bar 1 ya turbo. Pampu iliyochoka husoma vizuri gari likiwa limesimama, kisha huanguka chini ya mzigo, kwa hiyo geji ibaki mahali inapoonekana wakati wa majaribio yote.

Nozeli za kiwandani hupitisha takriban sentimita za ujazo 380 kwa dakika. Zikiwa 6 na zikifunguliwa asilimia 80 ya muda, hutoa lita 1.8 hivi kwa dakika, sawa na kilo 81 kwa saa, petroli inayotosha takriban nguvu za farasi 300. Anayetaka 400 anahitaji nozeli nyingine, na hakuna namba ndani ya kompyuta itakayombadilishia hesabu hiyo. Nozeli mpya zipimwe kwa omu: zenye 12 hadi 16 huunganishwa moja kwa moja, zenye 2 au 3 zinahitaji vipinga mkondo.

Sensa pana ya lambda (kipimo cha hewa kwa petroli: 1 ni uwiano kamili, chini ya 1 petroli ni nyingi), kama Bosch LSU 4.9, ifungwe kwenye ekzosti baada ya turbo, ikiinama angalau nyuzi 10 juu ya usawa ili maji yasikae ndani yake, na isiachwe bila umeme injini ikiwaka. Waya wa koili ya oili ya VVT-i uchomolewe kwa sasa. Kemu, mhimili unaofungua vali, itakaa mahali pake pa mapumziko, na utapunguza jambo moja la kubahatisha.

Unganisha nozeli, weka kizima moto karibu, kisha washa. Ikiwaka, angalia kwanza shinikizo la oili, ndipo lambda. Ikikataa, usiongeze petroli mfululizo. Toa plagi za cheche uzitazame. Zikiwa zimelowa, petroli imezidi au cheche hazipo; zikiwa kavu, petroli haifiki.

Mzigo mdogo

Kazi ya kujaza jedwali la petroli, ambalo kila kisanduku chake huiambia kompyuta petroli ya kutoa kwa mizunguko na shinikizo fulani, huanzia chini, injini ikiwa na joto kamili: kwanza ikinguruma bila mzigo, kisha kwenye mwendo wa kawaida, ukilenga lambda 1. Kujirekebisha kwa TunerStudio kunasaidia sana hapa, mradi uweke mipaka ya mabadiliko na kukuzuia kusiguse visanduku vya turbo. Petroli ya ziada ya kukanyaga ghafla ije mwisho, kwa sababu ikiwekwa mapema huficha makosa ya jedwali.

Kupima chini ya turbo

Sehemu hii haifanyiki kwenye Thika Road usiku. Mahali pake ni mashine ya kupima nguvu za gari, au njia iliyofungwa, dereva akiendesha na mtu wa pili akisoma laptopu. Anza na nguvu ya springi ya westigeti (vali inayozuia shinikizo la turbo lisizidi) peke yake, bila kidhibiti cha shinikizo. Weka mikato mitatu, yaani mipaka ambayo kompyuta hukatisha injini ikivukwa, kabla ya kukanyaga: wa shinikizo lililozidi, wa mizunguko, na wa lambda iliyopanda juu ya 0.9 chini ya turbo. Kisha jaribu kila mkato kwa kuushusha chini kwa makusudi, uone kama kweli injini inakatika. Mkato ambao haujajaribiwa hauhesabiki.

Tumia gia ya 3 au ya 4, anzia mizunguko 2,500 na uachie kwenye 4,500. Soma rekodi, rekebisha, ndipo upande. Lambda ikae 0.78 hadi 0.82. Taimingi ianze nyuma, nyuzi 10 au 12 kwenye eneo la nguvu kubwa ya mzunguko, na usogeze nyuzi 1 kwa wakati mmoja huku ukisikiliza mgongano wa mwako (petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda) kwa vipokea sauti vilivyounganishwa na sensa ya bloku. Nguvu zikiacha kuongezeka, rudi nyuma nyuzi 2 hata kama hujasikia kitu. Petroli ya kutumia wakati wa kupima ni ile utakayoinunua kila siku.

Kushuka Mombasa

Jedwali lililokamilika Nairobi halijakamilika kwa nchi nzima. Westigeti hufanya kazi kwa tofauti kati ya turbo na hewa ya nje. Springi ya bar 0.7 hukupa takriban kilopaskali 153 Nairobi, lakini Mombasa inakupa 171, na safu zile za 160 na 170 injini haikuwahi kuzigusa ulipokuwa ukipima. Mwenye gari hukanyaga baada ya Mariakani kama alivyozoea, na gari huingia kwenye visanduku vilivyojazwa kwa kukisia, hewa ikiwa na joto zaidi, nalo joto huleta mgongano wa mwako. Ikiwa mkato wa shinikizo uliuweka kwenye 165, gari litakatika katikati ya kupita lori, hatari ambayo si ndogo kuliko ile ya pistoni.

Kwa hiyo safu za juu zijazwe petroli nyingi kidogo na taimingi ya nyuma kabla ya safari, mkato uwekwe ukizingatia pwani, na jedwali lipimwe upya kule chini kuanzia mzigo mdogo. Kuna pia suala la marekebisho ya hewa. Kompyuta isiyo na sensa ya pili husoma hewa ya nje mara moja tu, swichi inapowashwa. Ukitoka Nairobi bila kuzima, inaendelea kuamini 83 hata ukifika Mtito Andei, ambako ni takriban 93. Kwa jedwali linalotegemea shinikizo la manifoldi kosa hilo ni dogo, lakini kwa lile linalotegemea kanyagio la hewa, mchanganyiko utapungukiwa petroli waziwazi. Funga sensa ya pili, au uzime na kuwasha kila unaposimama njiani, na uhifadhi faili la jedwali la kila mahali kwa jina la mji na tarehe, pamoja na rekodi zake, ili ulinganishe lambda ya kisanduku kilekile cha mizunguko na kilopaskali kati ya juu na pwani.