Jinsi ya kuipunguza mwanga taa ya LED ya sola yenye draiva ya PT4115

Wengi mna taa za volti 12 za sola, usiku wa manane bado inawaka mwanga wote na betri inaisha hata kabla hakujapambazuka. Draiva (sakiti inayolisha LED mkondo) nyingi za hizi taa zina IC, yaani chipu, ya PT4115, na mwenyewe aliyeitengeneza ameshaiwekea mguu wa kupunguzia mwanga, DIM, ila kwenye bodi nyingi umeachwa tu haujaungwa popote. Basi msiweke volyumu (rizista ya kuzungusha, kama ya sauti ya redio) kwenye waya wa LED, draiva itashindana nayo ili mkondo ubaki ule ule, na volyumu itaungua. Tunacheza na DIM tu.

Hatua ya 1. Toa umeme, fungua bodi. IC ina upande wenye miguu 3: wa katikati ni negativu, mmoja unakwenda kwenye koili, uliobaki ndio DIM. Hakikisha kwa mita, washa taa, DIM ikiwa haijaungwa isome karibu volti 5.

Hatua ya 2. Tafuta volyumu. Ndani ya IC kuna rizista ya kilo-omu 200 inayovuta DIM juu kwenda volti 5, kwa hiyo ukiweka kilo-omu 200 kwenda negativu unapata volti 2.5 ambapo taa inawaka yote, ikishuka volti 0.5 inafifia sana, chini ya 0.3 inazima kabisa. Volyumu ya kilo-omu 200 madukani ni shida kidogo, chukua ya 500 uifungie rizista ya 330 sambamba, jumla inakuja karibu 199. Ukitumia ya 100 itafanya kazi ila mwanga utaishia kama theluthi mbili, kwa taa ya kulalia inatosha kabisa.

Hatua ya 3. Lehemu waya mwembamba kwenye DIM, mkono mwepesi maana mguu ni mdogo na ukikaa na moto sana unang'oa njia ya bodi. Waya uende mguu wa katikati wa volyumu, na mguu wa pembeni uende negativu ya betri. NEGATIVU YA BETRI jamani, si ya LED! Ile ya LED inapita kwenye koili ndio inaingia kwenye IC, haiko sawa na ya betri, hapo ndipo watu wengi wanapokwama.

Hatua ya 4. Weka kapasita ya nanofaradi 100 kati ya DIM na negativu, karibu na IC, la sivyo waya mrefu utaokota kelele na taa itatetemeka.

Mwenye Arduino (bodi ndogo ya kuprogramu) aruke volyumu na kapasita, aunge pini 9 kwenye DIM na negativu kwa negativu, amri ya analogWrite kwenye programu inatosha.

Balbu za umeme wa ukutani msizifungue kwa njia hii, ndani sakiti haijatenganishwa na umeme wa ukutani, na volti 230 inaweza kukuua.