Kabla ya Kununua Pampu ya Mafuta, Pima Umeme Unaoifikia

Gari la petroli linapokataa kuwaka ilhali selfu inazungusha injini vizuri, au linapozimika ghafla njiani kati ya Muheza na Pongwe, hukumu ya kwanza gerejini huwa kwamba pampu ya mafuta imekufa. Mara nyingine ni kweli. Hata hivyo, dalili hizohizo huletwa na fyuzi iliyoungua, rilei (swichi ndogo inayopitisha umeme wa pampu) iliyochoka, filta iliyoziba au waya ulioliwa na kutu, na katika mji wa pwani kama Tanga, ambako upepo wa bahari huingiza chumvi hadi ndani ya soketi za umeme, waya ndio unaostahili kuchunguzwa kabla ya pampu. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu maduka mengi ya spea hayapokei tena kifaa cha umeme kilichokwisha kufungwa, na gharama ya kubahatisha hubaki kwa mwenye gari.

Mimi niliilipa gharama hiyo. Gari langu lilizimika Pongwe mchana wa jua kali, likavutwa hadi gereji moja mjini, pampu ikabadilishwa pasipo kipimo chochote, nalo likawaka. Siku ya tatu likazimika tena. Fundi umeme niliyemwita kutoka Ngamiani alinyanyua kiti cha nyuma, akaufuata waya mweusi wa pampu hadi pale ulipofungwa kwa boliti kwenye bodi, kisha akaukwaruza kwa bisibisi: kichwa chake kilikuwa kimefunikwa na ukoko wa kijani, na nyuzi za shaba zilizosalia hazikuzidi tatu. Alikata sehemu iliyooza, akasugua bodi hadi chuma kikang'aa, akafunga kichwa kipya na kukipaka grisi. Pampu ya zamani ilifungwa baadaye kwenye gari la jirani yangu la aina hiyohiyo, na ikafanya kazi bila tatizo.

Uchunguzi uanze kwa sikio. Mtu mmoja afungue swichi bila kuwasha injini, mwingine asikilize karibu na mdomo wa tangi. Katika magari mengi pampu huvuma kwa takriban sekunde mbili, kisha hunyamaza. Usimhukumu mgonjwa kwa ukimya huo pekee, kwani baadhi ya magari ya Toyota hayaiamshi pampu mpaka selfu izunguke. Kagua fyuzi, kisha badilishana rilei ya pampu na nyingine ya aina ileile iliyomo katika kisanduku hichohicho, kwa mfano ya honi ikiwa zinalingana. Kama gari lina alamu iliyofungwa baadaye, hakikisha siyo yenyewe iliyokata umeme.

Kipimo chenye uzito zaidi ni cha volti, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Plagi ya pampu ikichomolewa, hata waya uliobakiwa na uzi mmoja utaonyesha volti 12 kwenye mita, kwa sababu hakuna mzigo unaovuta umeme. Pima plagi ikiwa imechomekwa, ncha za mita zikiingizwa kwa nyuma yake, huku mwenzako akipiga selfu. Linganisha usomaji huo na wa betri kwa wakati uleule: tofauti ikizidi volti moja, njia ya umeme ina kasoro. Kisha weka ncha moja kwenye waya wa athi wa pampu, yaani ule unaorudisha umeme kwenye bodi, na nyingine kwenye hasi ya betri; usomaji unapaswa kukaribia sifuri, na ukifika nusu volti au zaidi, tafuta ile boliti ya bodi. Magari yenye kompyuta inayorekebisha kasi ya pampu huipa volti pungufu kwa makusudi, kwa hiyo hayo yapimwe na fundi mwenye kitabu chake.

Umeme ukiwa kamili na pampu imenyamaza, gonga sehemu ya chini ya tangi kwa nyundo ya mpira wakati selfu inazunguka. Injini ikiwaka, brashi za mota zimekwisha, na pampu hiyo inahitaji kubadilishwa kabla ya safari nyingine. Ikiwa inavuma lakini gari halina nguvu mlimani, omba ipimwe kwa geji ya presha, ambayo katika magari mengi yasiyopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda huwa kati ya bar 3 na 4. Yale yanayopuliza ndani ya silinda yana pampu ya pili kwenye injini yenye presha kubwa mno, na mabomba yake yasifunguliwe na asiye na utaalamu huo.

Unaponunua, nenda na namba ya chasisi. Tangu mwaka 2020 Toyota imeyaita mamilioni ya magari yarudishwe kurekebishwa kwa sababu ya pampu za kampuni ya Denso ambazo pangaboi lao la plastiki huweza kuvimba na kukwama, na marekebisho ya aina hiyo hayalipiwi, hivyo ulizia kama gari lako limo kabla ya kutoa fedha. Pampu mpya nayo haitadumu ukizoea kwenda Pangani na kurudi taa ya mafuta ikiwaka, kwani petroli iliyomo ndani ya tangi ndiyo inayoipoza. Bakiza angalau robo, na kwepa petroli ya madumu.

Kazi ya kufungua tangi ifanyike nje, mbali na jiko na sigara, hasi ya betri ikiwa imetolewa na kizima moto kikiwa karibu. Chujio la mdomoni mwa pampu na raba ya mfuniko viwe vipya. Baada ya kufunga, jaza tangi, washa gari kwa dakika kadhaa, kisha inama unuse pale kwenye mfuniko kabla ya kiti cha nyuma kurudishwa.