Jinsi ya Kuchagua Kompyuta Pepe Unapohamishia Biashara Kwenye Wingu

Kompyuta pepe hufanya kazi ndani ya seva iliyo mbali, yaani kwenye wingu, na mtumiaji hupokea picha ya skrini tu, huku kila anachokiandika au kukibofya kikisafirishwa hadi kwenye seva hiyo. Kwa hiyo anza na watumiaji na mtandao wao, kisha ndipo ulinganishe bei.

Hatua ya 1: Wagawe watumiaji kwa kazi zao. Karani anayetumia kivinjari na programu moja ya hesabu anaweza kugawana seva na wenzake, ilhali msanifu wa majengo huhitaji mashine yake peke yake, yenye kadi ya michoro. Orodhesha pia printa na skana za kila kundi, kwa kuwa nimeona uhamisho ukisimama kwa sababu ya skana moja iliyosahauliwa.

Hatua ya 2: Pima mtandao. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Pima muda ambao data huchukua kwenda na kurudi kati ya meza ya mtumiaji na kituo cha data (mahali zilipo seva) unachokikusudia, tena saa ambazo ofisi nzima iko kazini. Kwa Azure Virtual Desktop, huduma ya kompyuta pepe ya Microsoft, kampuni hiyo hupendekeza muda huo uwe chini ya milisekunde 150. Ukizidi hapo, herufi huanza kuchelewa kutokea kwenye skrini, na kununua intaneti yenye kasi zaidi hakupunguzi umbali wa seva. Chagua kituo kilicho karibu zaidi.

Hatua ya 3: Linganisha namna ya kulipa. Windows 365, huduma nyingine ya kompyuta pepe ya Microsoft iliyoanza mwaka 2021, hutozwa kiasi kile kile kila mwezi kwa kila mtumiaji, nayo huwafaa wanaofanya kazi siku nzima. Azure Virtual Desktop hulipiwa kadiri mashine zinavyotumika, hivyo huwafaa wa zamu, mradi mashine zizimwe baada ya kazi. Zingatia kwamba kuizima mashine kutoka ndani ya Windows hakusimamishi malipo: ni lazima isimamishwe katika Azure yenyewe, yaani wingu la Microsoft, na hata hapo diski yake huendelea kutozwa. Amazon WorkSpaces, huduma ya kompyuta pepe ya Amazon, hutoa malipo ya mwezi na ya saa.

Hatua ya 4: Fanya jaribio na watumiaji wachache kutoka kila kundi, likipita mwisho wa mwezi, wakati hesabu zinapofungwa na mzigo ni mkubwa. Washa uthibitishaji wa hatua mbili tangu siku ya kwanza, na usiondoe kompyuta za zamani kabla kila kundi halijachapisha, kuskani na kufungua faili zake zote.