Kupanga Bei ya Kusafisha Madirisha: Anza na Dakika, Kisha Ndipo Uhesabu Vioo

Vijana wanaoanza kazi ya kusafisha madirisha hapa Dar es Salaam huniuliza kwanza dirisha moja hutozwa shilingi ngapi. Swali hilo lina jibu, lakini jibu lake hupatikana mwishoni mwa hesabu, kwa sababu dirisha la aluminiamu la kusukuma lililoko Sinza na dirisha la lova (la vipande vya kioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) lenye grili na chumvi ya bahari lililoko Msasani haviwezi kuwa na bei moja hata kama ukubwa wake unalingana. Tunachouza ni muda wa watu wanaojua kazi, na asiyejua saa moja ya watu wake inamgharimu kiasi gani atataja bei ya jirani, ambaye huenda naye aliisikia kwa mwingine.

Kiasi nitakachotumia hapa chini ni cha mfano, kwa timu ya watu wawili. Weka cha kwako kulingana na eneo lako, lakini usiruke hatua hata moja.

Hatua ya kwanza: tafuta gharama ya siku moja

Andika kila kinachotoka mfukoni ili siku moja ya kazi iwezekane. Katika mfano wetu, wafanyakazi wawili wanalipwa shilingi 20,000 kila mmoja, yaani 40,000, na mchango wa mwajiri NSSF wa asilimia 10 unaongeza 4,000. Bajaji ya kubeba ngazi na ndoo ni 10,000. Sabuni, siki, vitambaa na ndimi za mpira za vifutio vya maji ni 4,000. Ngazi na vifaa vingine vilinunuliwa kwa 720,000 na vitadumu miaka miwili. Kwa siku 20 za kazi kila mwezi hizo ni siku 480, hivyo uchakavu wake ni 1,500 kwa siku. Leseni, kodi ya stoo, vocha na matangazo ni 150,000 kwa mwezi, sawa na 7,500 kwa siku. Mwisho kabisa, weka mshahara wako wewe mwenyewe unayetafuta wateja na kusimamia kazi: 600,000 kwa mwezi, yaani 30,000 kwa siku.

Jumla ni shilingi 97,000. Kipengele hicho cha mwisho ndicho wengi hukiacha wakidhani kwamba faida ndiyo mshahara wao, na matokeo yake ngazi inapovunjika hakuna fedha ya kununua nyingine. Mshahara wako ni gharama kama gharama nyingine, na faida huja juu yake.

Nimeweka siku 20 na si 26 kwa makusudi. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, wateja wengi huahirisha kazi kwa kuona kwamba mvua itachafua vioo tena, na kodi ya stoo haiahirishwi.

Hatua ya pili: igawanye siku kwa saa za kwenye kioo

Siku ina saa nane za kazi, lakini ukitoa foleni ya Mwenge au Tazara, kupanga vifaa, kuteka maji na kusogeza fanicha za mteja, zinazobaki kwenye kioo chenyewe ni kama tano. Gawanya 97,000 kwa 5 upate 19,400. Ongeza faida ya asilimia 25, inakuwa 24,250, nami ningeifanya 25,000 ili hesabu iwe rahisi. Hiyo ndiyo bei ya saa moja ya timu yako, na kila bei utakayomtajia mteja lazima itokane nayo.

Hatua ya tatu: pima kasi ya timu yako kwa saa ya mkononi

Kazi tano za kwanza zifanye ukiwa na daftari. Andika aina ya dirisha na dakika zilizotumika, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje, pamoja na kufuta fremu na kutoa mchanga kwenye reli. Timu iliyozoea inaweza kupata takwimu za namna hii: dirisha la kusukuma la vioo viwili lisilo na grili, dakika 6, lenye grili kwa nje, dakika 10, kwa kuwa mkono hupenya kwa shida na kifutio cha kawaida hakipiti, la ghorofani linalohitaji ngazi, dakika 9, la lova lenye vipande vinane, dakika 15, maana kila kipande husafishwa pande zote mbili kwa kitambaa. Wavu wa mbu unaotolewa na kuoshwa uhesabiwe peke yake.

Sasa ndipo bei ya dirisha inapopatikana. Kwa shilingi 25,000 kwa saa, dirisha la dakika 6 ni 2,500, la dakika 10 ni takribani 4,200, na la lova ni 6,250. Nyumba ya ghorofa moja huko Mikocheni yenye madirisha 12 ya grili chini, manane ya ghorofani na mawili ya lova itachukua dakika 120, 72 na 30, yaani dakika 222 au saa 3.7. Bei yake ni shilingi 92,500.

Hatua ya nne: usitaje bei kabla ya kukiona kioo

Hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Katika mwaka wangu wa kwanza nilikubali kwa simu kazi ya nyumba iliyokuwa imekamilika kujengwa, mteja akanihesabia madirisha 18, nikampa bei ya nusu siku. Tulipofika, kila kioo kilikuwa na matone ya saruji na rangi, nasi tukatumia siku mbili nzima. Wafanyakazi niliwalipa kutoka akiba yangu, na mteja hakuwa na kosa lolote, kwa kuwa idadi aliyonipa ilikuwa sahihi.

Ukienda kukagua, tazama uchafu ni wa namna gani. Vumbi hutoka kwa sabuni na maji. Chumvi inayoletwa na upepo wa bahari nayo huyeyuka kwa maji, lakini ina mchanga ndani yake, hivyo kioo kioshwe kwa maji mengi kabla ya kusuguliwa, na maji hayo yana dakika zake. Madoa meupe ya maji ya kisima, hasa chini ya matangi na karibu na bustani zinazomwagiliwa, mara nyingi ni chokaa; siki huyalegeza, ila huhitaji kuachwa kwa muda na kurudiwa. Yakikaa miaka mingi hukila kioo, na hapo hakuna sabuni itakayokirudisha. Saruji nayo hukidhuru kioo ikiachwa, na kuikwangua kwa wembe kunaweza kuacha mikwaruzo ya kudumu.

Kwa hiyo safisha dirisha moja la majaribio mbele ya mteja, pima dakika zake, kisha tumia dakika hizo kupiga hesabu ya nyumba nzima. Mikwaruzo na madoa sugu unayoyakuta yapige picha na uyaandike kwenye makadirio kabla hujaanza kazi.

Hatua ya tano: weka kima cha chini na mpaka wa urefu

Kazi ya madirisha manne hula nusu siku yako kwa safari tu, hivyo weka kima cha chini cha saa mbili, yaani 50,000 katika mfano wetu. Kuhusu urefu, mimi siendi juu ya ghorofa ya pili kwa ngazi kwa bei yoyote. Jengo refu la katikati ya mji, eneo la Posta, linalohitaji jukwaa au kamba linahitaji watu waliofunzwa, vifaa vilivyokaguliwa na bima, na gharama hizo huandikwa kwa mistari yake katika makadirio. Usizifiche ndani ya bei ya dirisha, kwani mteja atakulinganisha na mtu anayepanda bila mkanda wa usalama.

Hatua ya sita: andika makadirio ukikumbuka kodi

Kampuni ikikulipa kwa huduma hukata kodi ya zuio ya asilimia 5: katika ankara ya 500,000 utapokea 475,000 na cheti cha 25,000. Kitunze cheti hicho, kwa sababu ni kodi uliyokwisha kulipa, lakini mishahara ya mwezi huo ipange kwa 475,000. Ukiwa umesajiliwa VAT, kodi hiyo, kwa kawaida asilimia 18, huongezwa juu ya bei yako na si mali yako.

Hatua ya saba: mteja akiomba punguzo, punguza kazi

Mteja wa ile nyumba ya Mikocheni ya 92,500 atakwambia, "Kaka, mwenzako kasema elfu sitini." Mjibu kwa heshima: "Sawa dada, kwa elfu sitini na mbili na mia tano tutafanya chini yote na lova, ghorofani tuje mwezi ujao." Bei ya saa yako haijaguswa. Punguzo la kweli mpe mteja wa kila mwezi, kwa kuwa dirisha lililosafishwa wiki nne zilizopita huchukua dakika pungufu. Hata hivyo pima kwanza, na kama dakika 10 zimekuwa 7, punguzo lake litokane na dakika tatu hizo.

Daftari la dakika liendelee kujazwa katika kila kazi. Mafuta yakipanda, mishahara ikibadilika au timu ikipata mtu mpya asiye na kasi, rudi hatua ya kwanza na upige hesabu upya kabla ya kutoa makadirio mengine.