Somo: Kufunga muziki kwenye gari kwa bajeti ya kubana

Wakuu, mwenye IST, Vitz au Premio na hela ya mawazo, somo hili ni lako. Wengi wanaanza na bufa (spika ya besi) la inchi 12. Namba ya gari inatetemeka, mwimbaji hasikiki. Mimi naanzia milango ya mbele, maana dereva anakaa huko.

Hatua ya 1: Usisome maandishi makubwa

"1000W MAX" ni pambo la boksi. Tafuta RMS, yaani wati ambazo kifaa kinazimudu muda wote. Redio iliyoandikwa 50W x 4 kwa kawaida inatoa kama wati 15 hadi 20 tu kila chaneli, yaani kila njia ya kupeleka sauti kwenye spika.

Muuzaji akikosa kitabu cha amplifaya (kifaa cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye spika), igeuze uangalie fyuzi. Zidisha ampea zake kwa volti 13.8, kisha chukua asilimia 60 kwa amplifaya ya muundo wa daraja AB, au kama 80 kwa ya daraja D, isiyopoteza umeme mwingi. Fyuzi ya ampea 30 kwenye daraja AB inakupa karibu wati 250, na hizo ni za chaneli zote kwa pamoja. Sasa mtu akikuambia hiyo ni ya wati 2000, mshukuru uende duka la pili. Na kumbuka hesabu hii inakupa dari tu: fyuzi kubwa mtu yeyote anaweza kuichomeka.

Hatua ya 2: Spika za mbele

Fungua mlango upime kabla ya kununua. Angalia upana wa tundu, halafu kina, kioo kikiwa kimeshushwa, kisije kikagonga sumaku. Kisha soma dB, yaani ukubwa wa sauti spika inayotoa kwa wati zilezile. Spika ya dB 92 ikipewa wati 50 inapiga sawa na ya dB 89 iliyopewa wati 100, kwa hiyo mwenye bajeti ndogo achague dB kubwa.

Ziba matundu ya bati la mlango kwa mkeka wa kuzuia mtetemo. Ile tepu ya lami ya kuzibia mapaa ni rahisi, lakini kwa joto la Dar inalainika na kunuka ndani ya gari. Mimi siiwekei mteja.

Hatua ya 3: Amplifaya

Chukua ya chaneli 4, RMS 50 hadi 75 kila chaneli kwa ohm 4 (kipimo cha ukinzani wa spika). Chaneli mbili zipeleke milango ya mbele. Mbili zilizobaki zisubiri bufa, siku hela ikipatikana utaziunganisha ziisukume. Spika za nyuma ziache kwenye redio.

Ya mtumba ya kampuni yenye jina naipenda kuliko mpya isiyojulikana. Ila iwashwe mbele yako, chaneli zote zijaribiwe, na ukiona skrubu zimechubuka au ukisikia harufu ya kuungua, achana nayo.

Hatua ya 4: Waya

Hapa ndipo watu wanabana hela, na hapa ndipo gari linaungua. Kwangua uzi mmoja wa waya kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, haibebi umeme sawa na shaba tupu ya unene uleule. Kwa fyuzi ya ampea 40, shaba namba 8 inatosha; ukivuka hapo nenda namba 4, ambayo ndiyo nene zaidi.

Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ukiiweka kwenye buti karibu na amplifaya, waya wote wa katikati hauna ulinzi. Waya wa athi, yaani ule wa hasi unaofungwa kwenye bodi ya gari, uwe mfupi, ufungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikikanyaga mafuta spika zinalia "wiii".*
Hiyo ni kelele ya altaneta. Anza na athi, ikaze upya. Kisha tenganisha waya za RCA, zile zinazopeleka sauti kutoka redio hadi amplifaya, na waya wa umeme: moja ipite kulia, nyingine kushoto.

*Nina bufa mbili za ohm 4, nizifunge sambamba kwenye zile chaneli zilizounganishwa?*
Sambamba zinakuwa ohm 2, na amplifaya nyingi za chaneli 4 zikiunganishwa hazishuki chini ya ohm 4. Itajizima au itaungua. Tumia bufa moja.

*Kaka, sitaki kutoa redio ya Kijapani, na haina matundu ya RCA.*
Usiitoe, dada. Tafuta amplifaya inayopokea waya za spika moja kwa moja. Ila redio hizo nyingi zinaishia FM 90 au 95, kwa hiyo stesheni zetu za juu huzipati bila kile kifaa cha kuhamisha masafa.

*Fundi alinifungia vizuri, lakini asubuhi betri imekufa.*
Zima gari, chomoa ufunguo, uangalie taa ya amplifaya. Ikiwa inawaka, waya wa rimoti, ule unaoiamuru amplifaya iwake, umeungwa kwenye umeme wa moja kwa moja. Mwambie auhamishie kwenye waya wa rimoti wa redio, ni ule wa bluu wenye mstari mweupe.